Namna ya kuhakikisha kwamba michango yako ya ZSSF inafika, na la kufanya isipofika

Jambo la kwanza ambalo muajiriwa wa Unguja au Pemba anapaswa kulijua ni sheria ipi inayomhusu. Masuala ya kazi hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano, na kwa hivyo Zanzibar ina sheria zake: Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005, inayohusu mikataba, mishahara, likizo na kuachishwa kazi, na Sheria ya Uhusiano Kazini Nam. 1 ya mwaka huo huo, inayohusu vyama vya wafanyakazi na utatuzi wa migogoro. Maelezo mengi yanayosambazwa katika simu zetu yanatoka Tanzania Bara, nayo humwelekeza msomaji kwenye NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa huko, au kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni maelezo sahihi kwa mtu wa Morogoro, lakini mhudumu wa hoteli ya Nungwi akiyafuata atapoteza nauli na muda. Hata aliyekuja kutoka Bara akiwa na namba yake ya NSSF anapaswa kuelewa kwamba ajira aliyoipata hapa katika sekta binafsi husajiliwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, yaani ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998 na kutungiwa sheria mpya mwaka 2005.

Mchango wa ZSSF una sehemu mbili. Moja hukatwa katika mshahara wako, na nyingine, iliyo kubwa zaidi, hutolewa na muajiri kutoka mfukoni mwake. Muajiri haruhusiwi kukutoza wewe sehemu yake, hata akiuita ukato huo kwa jina jingine. Ni yeye pia anayebeba wajibu wa kukusajili na wa kupeleka fedha zote mbili kila mwezi. Hapo ndipo penye hatari kwa muajiriwa, kwa sababu karatasi ya mshahara inaonyesha kwamba umekatwa, lakini haionyeshi kwamba kilichokatwa kimefika. Watu wengi huligundua pengo hilo siku wanayokwenda kudai mafao, wakati ambapo kampuni imeshafungwa au meneja aliyekuwapo ameshaondoka.

Usingoje siku hiyo. Ukishaanza kazi, muulize muajiri namba yako ya uanachama, kisha nenda mwenyewe ofisi za ZSSF, ama makao makuu Kilimani kwa aliye Unguja, ama Chake Chake kwa aliye Pemba, ukiwa na kitambulisho chako, na uombe taarifa ya michango yako. Ichukue taarifa hiyo ukailinganishe na karatasi zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Tazama kwanza kama miezi yote uliyokatwa imo. Kisha tazama mshahara ulioandikwa, jambo ambalo wengi hulipita bila kuliangalia: wapo waajiri wanaopeleka michango kila mwezi bila kukosa, lakini kwa kiwango cha mshahara kilicho chini ya kile unacholipwa, na upungufu huo utakufuata hadi katika pensheni yako. Mwisho hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo katika kitambulisho. Kwetu sisi, ambao majina ya Juma, Khamis na Salum yanajirudia kila shehia, herufi moja iliyokosewa inatosha kuleta usumbufu.

Wafanyakazi wa hoteli za ukanda wa mashariki, kuanzia Kiwengwa hadi Jambiani, wana sababu ya ziada ya kufanya hivi. Hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga wakati wa masika, na wengine huambiwa wakapumzike nyumbani bila ya maandishi yoyote. Kabla ya kuondoka, omba barua inayosema kama umepewa likizo, kama mkataba wako umemalizika, au kama umesimamishwa kwa muda, kwa kuwa kila moja kati ya hali hizo ina matokeo yake kisheria, na bila ya barua utakuwa unabishana kwa maneno matupu na mtu mwenye mafaili. Soma pia mkataba wenyewe kabla ya kuutia saini, na kama umeandikwa kwa lugha usiyoielewa vyema, ni busara kuupeleka kwa Afisa Kazi wa Serikali, katika Kamisheni ya Kazi, akueleze. Nakala ibaki kwako. Nakala iliyo ofisini kwa meneja si yako.

Ukigundua pengo, anza kwa kumwandikia muajiri barua fupi isiyo na ukali, ukitaja miezi inayokosekana na kumwomba maelezo. Baki na nakala yenye tarehe na saini ya aliyeipokea. Mara nyingine ni uzembe tu wa mhasibu na jambo hurekebishwa. Usipojibiwa ndani ya muda wa kiasi, peleka barua hiyo, karatasi za mshahara na taarifa ya michango ZSSF, kwa kuwa Mfuko ndio unaodai fedha hizo kwa muajiri kwa mujibu wa sheria, na una mamlaka ya kukagua kumbukumbu zake. Wenzako wakiwa na tatizo hilo hilo, nendeni pamoja. Mlalamikaji mmoja huweza kutishwa kwa kupunguziwa zamu, lakini ni vigumu kuifanyia hivyo idara nzima. Kama muna tawi la chama cha wafanyakazi, kama vile CHODAWU-Z kwa wa mahotelini na majumbani, au chama kingine kilicho chini ya shirikisho la ZATUC, hii ndiyo kazi yake, na michango munayokilipa chama hicho ni kwa ajili ya siku kama hii.

Madai mengine hayaendi ZSSF. Mshahara usiolipwa, likizo iliyonyimwa au kuachishwa kazi bila ya utaratibu hupelekwa kwanza kwa Afisa Kazi wa Kamisheni ya Kazi. Mgogoro usipomalizika hapo, huingia katika Kitengo cha Kushughulikia Migogoro ya Kazi, kinachojulikana zaidi kwa herufi za jina lake la Kiingereza, DHU, ambacho huanza kwa usuluhishi; ukifanikiwa, jambo huishia hapo, na ukishindikana huendelea na uamuzi. Juu yake ipo Mahakama ya Kazi. Uliza muda wa kufungua shauri siku ile ile ya kwanza, kwa kuwa anayechelewa huweza kupoteza haki yake bila ya hata kusikilizwa. Aliyeumia kazini naye amjulishe muajiri kwa maandishi mapema na ahifadhi karatasi za hospitali, kwa sababu fidia ya ajali ina sheria yake.

Wapo wasio na muajiri kabisa: mkulima wa mwani wa Paje, mvuvi, dereva wa bodaboda, mchumaji wa karafuu wa Pemba anayelipwa kwa pishi. Hao wanaweza kujiunga na ZSSF katika mpango wa hiari na kuchangia kwa kadiri ya kipato chao. Pensheni Jamii, ambayo Serikali ilianza kuitoa Aprili 2016 kwa wazee waliofikia miaka 70, haimtaki mtu awe amechangia, lakini ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na hata baada ya kuongezwa bado ni ya kusaidia tu. Anayetaka kujiunga na mpango wa hiari aende na kitambulisho chake katika ofisi zile zile za Kilimani au Chake Chake, na ahifadhi stakabadhi ya kila mchango anaoutoa, kwa kuwa yeye hana hata karatasi ya mshahara ya kulinganishia.