Anza na droo moja: kupanga nyumba, ratiba na pesa

Kazi yangu ni kuingia katika nyumba za watu na kuwasaidia kuzipanga. Karibu kila ninayemtembelea hunipokea kwa maneno yale yale: "Utatusamehe, tuna vitu vingi mno." Tukishaketi na kuanza kushika kimoja baada ya kingine, huwa tunagundua kwamba vitu vyenyewe si vingi hivyo, ila havijaamuliwa. Bahasha iko mezani kwa sababu hakuna aliyeamua iende wapi. Shati liko juu ya kiti kwa sababu halijawa chafu la kufua, na si safi la kurudi kabatini. Rundo lolote ndani ya nyumba ni maamuzi yaliyoahirishwa. Ratiba iliyovurugika na pesa zisizojulikana zilikokwenda nazo ni marundo, tofauti ni kwamba hayo huwezi kujikwaa kwayo.

Ndiyo maana mwongozo huu unarudia tendo moja tangu mwanzo hadi mwisho: shika kitu, kiamulie, kipe mahali pake. Usijaribu kuumaliza kwa siku moja. Mimi humpa mtu wiki sita hadi nane, na wanaokwenda polepole ndio ambao nyumba zao hubaki zimepangika.

Hatua ya 1: Droo moja, nusu saa

Chagua droo moja tu. Kila nyumba ina ile droo ambamo hutupwa kila kisicho na kwao. Anza nayo hiyo. Tandika shuka sakafuni, ichomoe droo, mwaga vyote. Usichambue ukiwa umeiinamia, kwani ndani ya droo macho huona mchanganyiko tu. Vikishatandazwa juu ya shuka ndipo unaona kwamba una kalamu nane na tano kati yake zimekauka.

Droo moja niliyoimwaga pamoja na mwenyewe ilikuwa na chaja nne za simu ambazo hazipo tena, betri nzima na zilizokufa zimechanganyika, mkasi mmoja mzuri ambao ulikuwa umetafutwa kwa miezi, waranti ya mashine iliyokwishatupwa, na funguo saba zilizofungwa kwa uzi mwekundu. Zile funguo zilituchukua muda. Tulizunguka nazo nyumba nzima, kitasa kwa kitasa, kufuli kwa kufuli. Mbili zilifungua. Tano hazikufungua chochote, na yule mama alikaa nazo mkononi kitambo kabla hajazitia kwenye mfuko wa vyuma chakavu. Alikuwa amezihama nazo nyumba tatu, kwa hofu kwamba siku moja zitahitajika.

Gawa vitu katika mafungu matatu: cha kukaa hapa, cha kwenda kwingine, cha kuondoka. Usichoweza kukiamua, kitie kwenye boksi, andika tarehe juu yake, ulifunge. Ikipita miezi mitatu hujalifungua, jibu umeshalipata.

Viwanda vya Japani vina utaratibu maarufu wa hatua tano wa kupanga mahali pa kazi. Hatua ya kwanza ni seiri, yaani kupembua. Ya pili ndiyo seiton, kuweka kila kitu mahali pake. Huo mfuatano naushikilia sana, kwa sababu watu wengi huanza kwa kununua vikapu na makasha mazuri, kisha wakatumia jioni nzima kupanga vitu ambavyo havikustahili kubaki. Usinunue kasha lolote kabla hujapembua. Mara nyingi nafasi iliyopatikana inatosha.

Mahali pa kitu hupatikanaje? Angalia mkono unakokwenda wenyewe. Kesho ukirudi nyumbani, tazama unapotupa funguo bila kufikiri. Hapo hapo ndipo pa kugongomea ndoano au kuweka bakuli. Ukipachagua mahali pazuri kwa macho lakini mbali na njia yako, utapafuata siku nne, kisha funguo zitarudi juu ya meza.

Jambo la pili ni kuhesabu matendo. Kitu cha kila siku kipatikane kwa tendo moja: kunyoosha mkono na kukichukua, bila kifuniko wala kuhamisha kingine kilicho mbele yake. Cha kila wiki kinaweza kuwa ndani ya mlango wa kabati. Cha mara moja kwa mwaka kipande rafu ya juu kabisa, kwenye kasha lenye maandishi ubavuni. Nikiona familia inashindwa kurudisha vitu mahali pake, mara nyingi siwalaumu watu; nahesabu matendo, na nakuta kurudisha mkasi kunahitaji kufungua mlango, kutoa boksi, kufungua boksi na kulirudisha. Hakuna mtoto atakayefanya hivyo, na mtu mzima naye hatafanya.

Droo ikiisha, kesho chukua nyingine. Kwa nguo sina mengi ya kusema: toa zote kitandani, rudisha unazovaa, na tenga ndoano moja kwa ajili ya lile shati la kuvaliwa tena, kiti kipumzike.

Hatua ya 2: Karatasi

Karatasi ni ngumu kuliko vitu, kwa sababu kila moja inadai jambo. Zipe sehemu tatu tu. Ya kwanza ni trei ya karatasi zinazosubiri kufanyiwa kazi: bili, fomu, barua ya shule. Ya pili ni faili la kumbukumbu za mwaka huu: risiti kubwa, waranti, taarifa za benki. Ya tatu ni mfuko usiopenya maji wenye hati za kudumu: vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, pasipoti, vyeti vya elimu, hati za nyumba au ardhi, bima. Mfuko huo ujulikane ulipo na angalau watu wazima wawili. Piga picha kila hati na uzihifadhi kwa nenosiri mahali pengine, maana moto na mafuriko havichagui kabati.

Ukiwa na pasipoti mkononi, iangalie tarehe ya kuisha. Nchi nyingi hudai iwe na angalau miezi sita iliyobaki unapoingia. Andika kwenye kalenda ukumbusho wa miezi tisa kabla haijaisha, uwe na nafasi ya kuihuisha bila kukimbizana.

Kila bili ukishailipa, andika juu yake tarehe na namba ya muamala hapo hapo, kabla haijatoka mkononi. Niliwahi kulipa bili moja mara mbili kwa sababu niliirudisha kwenye trei bila alama yoyote, na kuzipata zile pesa kulinigharimu wiki tano za simu na barua. Tangu siku hiyo kalamu imefungwa kwa kamba kwenye trei yangu.

Hatua ya 3: Ratiba

Keti na karatasi tupu kwa dakika 20 na uandike kila kinachokusumbua kichwani, kikubwa na kidogo, bila mpangilio. Bomba linalovuja, miadi ya meno, rafiki uliyeahidi kumpigia. Endelea hata baada ya kudhani umemaliza. Yale yanayokuja dakika za mwisho ndiyo yaliyokuwa yakikuamsha usiku.

Kisha pembua kama ulivyopembua droo. Lenye siku au saa maalumu liende kwenye kalenda. Lisilo na saa liende kwenye orodha. Ambalo hutalifanya kamwe, lifute, na kama uliahidi mtu, mwambie leo. Kalenda iwe moja, ya simu au ya ukutani, yoyote utakayoitazama kila asubuhi. Mwenye kalenda mbili hujikuta ameahidi watu wawili saa ile ile.

Kwenye orodha usiandike jina la jambo, andika kitendo. "Gari" haikuambii ufanye nini. "Mpigie fundi, uliza breki" unaweza kuitenda ukiwa foleni. Nimeona orodha zilizokaa miezi bila kuguswa zikianza kupungua kwa marekebisho hayo tu.

Sasa fika kwenye muda, ambako wengi wetu hujidanganya kwa nia njema. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi walikadiria kumaliza baada ya siku 34 hivi. Walitumia takriban 55. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wakiwaza kazi itakavyokwenda mambo yote yakinyooka. Kwa hiyo kazi usiyoizoea ikadirie, kisha ongeza nusu ya makadirio. Ukidhani ni saa mbili, tenga tatu.

Miadi nayo ina mkia na kichwa. Daktari wa saa nne hachukui nusu saa. Anachukua kuoga, kutafuta kadi, safari, kusubiri na kurudi. Ziandike zote kwenye kalenda kama sehemu ya miadi. Halafu acha kila siku na nafasi wazi ya angalau saa moja isiyopewa kazi, kwa sababu mtoto ataumwa na umeme utakatika bila kuomba miadi. Kwa siku ya kawaida chagua mambo matatu ya lazima. Matatu yanatosha kabisa.

Hatua ya 4: Pesa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijapata ushauri wa fedha unaoushinda huo. Mwanahabari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha mwaka 1904 daftari la hesabu za nyumbani, kakeibo, ili familia ziandike kinachoingia na kinachotoka. Zaidi ya karne imepita na kazi hiyo bado huanza vile vile.

Mwezi wa kwanza, andika tu. Usibane matumizi, usijilaumu, usifute chochote. Kila pesa inayotoka, iandike siku hiyo hiyo: tarehe, kiasi, kwa ajili ya nini. Tumia daftari dogo au simu. Mwisho wa mwezi jumlisha kwa mafungu manne: ya lazima kila mwezi, ya kila siku, ya mara chache kwa mwaka, na akiba pamoja na madeni. Bandu bandu humaliza gogo, na hapa ndipo utayaona mabandu yako kwa macho. Utakuta pia malipo ya huduma uliyojiunga nayo na kuisahau. Isimamishe leo.

Fungu la tatu ndilo linaloangusha familia nyingi ninazozijua, hata zenye kipato kizuri. Ada, bima, matengenezo, sikukuu. Mambo haya yanajulikana tangu mwaka unaanza, lakini kila yanapofika yanaitwa dharura. Yaorodheshe yote, jumlisha, gawa kwa 12. Jumla ikiwa 2,400, tenga 200 kila mwezi kwenye akaunti au bahasha yake, na usiiguse kwa jambo jingine. Ukianza katikati ya mwaka, gawa kwa miezi iliyobaki kabla ya malipo ya kwanza.

Akiba iondoke siku ile ile kipato kinapoingia, kwa agizo la benki kama inawezekana, kabla hujaanza kutumia. Lengo la kwanza liwe matumizi ya lazima ya mwezi mmoja. Baadaye panda hadi mitatu. Madeni yaandike yote kwenye ukurasa mmoja pamoja na riba zake. Lipa kima cha chini kwa kila moja, na kila ziada ielekee kwenye lenye riba kubwa kuliko yote. Wapo wanaoanza na deni dogo ili wapate moyo, nami sipingi, lakini kwa hesabu riba kubwa ndiyo inayokula zaidi.

Kama mna mwenza, fanyeni hesabu hii pamoja, daftari likiwa katikati yenu, mkiwa hamjachoka. Swali liwe "pesa ilikwenda wapi", lisiwe "nani kaitumia".

Hatua ya 5: Kikao cha wiki

Chagua siku moja na saa moja, nusu saa tu. Maliza trei ya karatasi. Tazama wiki ijayo kwenye kalenda. Futa yaliyokwisha kwenye orodha. Jumlisha matumizi. Rudisha vitu vilivyopotea njia.

Mwanzoni kitakuwa kizito. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa zoea lilichukua siku 66 hivi kukomaa. Wengine siku 18, na kwa baadhi makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo huwaambia wateja wangu wote, hasa wale wanaoacha kila kitu kwa sababu wamekosa mara moja.

Ikitokea ugonjwa, msiba au safari ndefu, na ukarudi ukakuta marundo yamerudi, usianze na nyumba nzima. Tundika funguo kwenye ndoano yake. Maliza trei. Fungua kalenda uone kesho kuna nini. Siku itakayofuata, tandika shuka sakafuni na uichomoe ile droo ya kwanza.