Jinsi ya Kujiandaa kwa Kazi ya Mdakaji wa Akiba katika Besiboli ya Kulipwa

Kijana wa Lugazi au Gayaza, nchini Uganda, anayetaka kuishi kwa besiboli afahamu mapema kwamba kikosi cha timu ya Ligi Kuu ya Marekani kina wachezaji 26, na kwa kawaida wadakaji, yaani wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, ni wawili tu. Msimu una mechi 162, na kwa kuwa hakuna magoti yanayostahimili kuchuchumaa katika mechi zote hizo, mdakaji wa pili huanza pengine moja kati ya kila tatu au nne. Kima cha chini cha mshahara katika ligi hiyo mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, kwa hiyo nafasi hiyo si ya kudharauliwa.

Anza na mikono na miguu. Ukosefu wa vifaa usikuzuie, kwani Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda aliyefika hadi kikosi cha Frederick Keys, timu ya Marekani, mwaka 2023, alijulikana kwa video za mazoezi aliyoyafanya kwa matairi ya gari. Umbali wa kurusha hadi kituo cha pili, ili kumnasa mkimbiaji anayejaribu kukifikia, ni karibu mita 38.8, na tangu mpira uguse glovu hadi ufike huko zisipite sekunde mbili hivi. Mwombe mwenzako akupimie, na urekebishe kwanza hatua za miguu kabla ya kulaumu bega.

Jambo linalokuweka kikosini, hata hivyo, ni imani ya warushaji. Daka mipira ya kila mrushaji anayekubali kukurushia, wa kulia na wa kushoto, kisha uandike daftarini ni mpira gani humtoka vizuri anapochoka, anakasirishwa na nini, na anapenda glovu ikae wapi. Mdakaji wa akiba David Ross alidumu hivyo: mrushaji Jon Lester alipendelea kumrushia yeye, huko Boston na baadaye Chicago, na mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 39, Ross alipiga mpira wa nje ya uwanja (home run) katika mechi ya saba ya fainali. Baadaye akawa kocha mkuu wa Cubs, timu hiyo ya Chicago. Bruce Bochy, naye mdakaji wa akiba wa zamani, ameshinda ubingwa mara nne akiwa kocha.

Jifunze Kihispania. Warushaji wengi hutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na Kiingereza cha shuleni hakitakusaidia mrushaji wa namna hiyo anapotetereka.

Kuhusu upigaji, si lazima uwe hodari (mdakaji Bob Uecker alicheza misimu sita kwa wastani wa .200, yaani kufanikiwa mara moja katika kila tano).

Mwisho, shughulikia nyaraka kabla wasaka vipaji hawajafika. Mwaka 2011 watoto wa Uganda waliofuzu kwa mashindano ya dunia ya Little League walinyimwa viza kwa sababu ya utata wa nyaraka za umri. Pata cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA, mamlaka ya Uganda ya vitambulisho na usajili, kisha pasipoti, na uhakikishe kwamba jina na tarehe vinalingana hata na rekodi za shule.