Kukamua tu bila mtoto kunyonya: hatua kwa hatua, na ile ya faneli isome mara mbili

Nimeandika hii baada ya kukaa kwenye simu na wifi yangu usiku tatu mfululizo. Katoto kake kana wiki mbili na nusu, hakashiki titi, kakishika dakika tatu kamelala, chuchu zake zimechanika mpaka anaogopa hata kuvaa sidiria, na mwenyewe kaamua: anakamua tu, mtoto anywe kwenye chupa. Mi nilipita hukohuko na wa kwangu, nikakamua miezi 11, na karibu kila kitu alichoniuliza nilikijua kwa sababu nilikikosea kwanza. Mi si daktari, ni mama aliyekaa sana na mashine. Kama bado una moyo wa kujaribu kunyonyesha, tafuta kwanza nesi au mshauri wa unyonyeshaji akuangalie mtoto anavyoshika na amtazame chini ya ulimi. Ukishaamua kukamua, twende.

Hatua ya 1: Anza mapema, na anza kwa mkono

Usingoje maziwa "yaje" ndo uanze. Mtoto asiponyonya, anza kukamua saa chache tu baada ya kujifungua, ndani ya saa 6 ikiwezekana. Siku hizo za mwanzo ni dang'a, mazito, ya njano, na pampu haiyawezi vizuri kwa sababu matone yote yanaishia kugandamana kwenye plastiki. Tumia mkono. Kidole gumba juu, vidole viwili chini, nyuma kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu, sukuma kuelekea kifuani, minya, achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi. Tone likitoka livute na sirinji isiyo na sindano. Ukipata kijiko kimoja cha chai umepata kingi, usilie kama nilivyolia mimi. Maziwa yenyewe hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5, hapo ndo pampu inaingia kazini.

Hatua ya 2: Pampu

Ya umeme, inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja. Hapa sibishani na mtu. Ukikamua moja moja unajiongezea muda mara mbili, na ukizidisha hiyo kwa mara 8 kwa siku utaacha ndani ya wiki, nakwambia. Zile za kuvaa ndani ya sidiria ni nzuri sana baadaye maziwa yakishatulia, ila kwa wiki za mwanzo wengi wanaona hazitoi kama ile ya mirija, mi mwenyewe ilikuwa hivyo. Ya mkono nunua moja ya akiba, umeme hauna adabu.

Ukipewa iliyotumika, angalia kama ina kile kizuizi kinachozuia maziwa kurudi kwenye mirija na mota. Kama haina, kataa kwa upole. Mota ikishaingiwa na maziwa ya mtu huwezi kuiosha.

Hatua ya 3: Saizi ya faneli

Faneli ni ile sehemu kama kikombe inayokaa kwenye titi, chuchu inaingia kwenye kamfereji kake. Naomba hapa usipite mbio. Hii hatua ilinigharimu wiki tano. Wiki tano nzima nilikuwa nakamua, inauma, napata mililita 30 pande zote mbili, watu wananiambia kunywa maji, kula vizuri, punguza mawazo, na mi nakunywa maji mpaka tumbo linapiga kelele, kumbe tatizo ni plastiki.

Pampu nyingi zinakuja kwenye boksi na faneli ya milimita 24, na nyingine 28. Ukiona imekuja na mashine unadhani ndo saizi ya wanawake. Si kweli kabisa. Wengi wetu tunahitaji ndogo zaidi, 21, 19, 17, hata 15. Mi nilipopima nikakuta chuchu ina milimita 15 na nilikuwa natumia 24, yaani nafasi ya kukaa chuchu na nusu.

Namna ya kupima. Chukua rula ya shule yenye milimita. Pima upana wa chuchu yenyewe, pale inapoota, upande hadi upande. SIYO ule weusi unaoizunguka! Wifi alinitumia jibu "38" nikashtuka, nikamwambia wifi hiyo ni saizi ya kiatu, pima tena, kumbe alipima weusi wote. Kosa lingine ni kuzungusha futi ya fundi cherehani, hiyo inakupa mzunguko siyo upana. Kama rula inakusumbua, zungusha uzi kwenye chuchu, nyoosha uzi kwenye rula, halafu gawa kwa 3.14. Pima kabla ya kukamua, siyo baada, maana ikitoka kwenye pampu inakuwa imevimba na utadanganyika. Na pima zote mbili, ndugu zangu, zote mbili, mi kulia ni 15 na kushoto ni 17 na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba hilo linawezekana.

Ukishapata namba, zamani tulikuwa tunaambiwa ongeza milimita 4 hivi. Siku hizi wengi wanaanza na saizi ileile au kuongeza 1 hadi 3, na kwangu mimi ndogo imekuwa ikishinda kubwa kila mara. Ila namba ni ya kuanzia tu, kinachoamua ni macho yako mashine ikiwa inavuta:

Kubwa mno: weusi unavutwa ndani pamoja na chuchu, ukitoa unaona duara limevimba pale chini, na ukikamua dakika 20 titi bado zito kama hujalifanya kitu.
Ndogo mno: chuchu inagusa ukuta na kusuguliwa, inatoka nyeupe au ina mkato pale chini.
Sawa: chuchu inaenda na kurudi peke yake, weusi haufuati au unafuata kidogo sana, hakuna maumivu, na titi linalegea.

Kuna wale chuchu zao zinavutika kama mpira, zinafika mwisho wa mfereji hata saizi ikiwa sahihi. Hao wapunguze saizi na wapunguze nguvu. Huhitaji kununua faneli mpya kila mara, kuna viringi vya silikoni vinavyochomekwa ndani ya ile 24 kuipunguza, ni nafuu, nunua saizi mbili zinazofuatana ujaribu. Paka tone la mafuta ya nazi pale chuchu inapoingilia kama inakwaruza. Na rudia kupima baada ya wiki kadhaa, chuchu hubadilika.

Halafu kuna suala la nguvu ya kuvuta, naliweka hapahapa kwa sababu ndo lilinimaliza. Nilifikiri nguvu nyingi ni maziwa mengi, nikapandisha hadi mwisho huku nimeuma meno, nikatoa maziwa ya pinki. Ilikuwa damu ya chuchu iliyochanika. Maumivu yanazuia maziwa kushuka, kwa hiyo unaumia na hupati. Panda mpaka uone inaanza kukera, rudi nyuma kidogo, kaa hapo.

Wifi alibadilisha kutoka 24 kwenda 17 siku ya Jumanne. Sisemi yalimwagika kama bomba, ila Ijumaa alikuwa hasikii tena maumivu na chupa ya asubuhi ilitoka 40 ikafika 70.

Hatua ya 4: Ratiba

Wiki 6 hadi 12 za mwanzo, mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mi nasema 8 ndo sakafu. Si lazima kila baada ya saa tatu kamili kama kengele ya shule, mradi jumla itimie na usiku usiruke zaidi ya saa nne, tano. Titi lililojaa linapunguza kasi ya kutengeneza, titi linalokamuliwa linaambiwa leta mengine, ndo kanuni yenyewe yote.

Kipindi cha saa nane au tisa usiku kinauma lakini usikiue mapema, homoni ya maziwa iko juu usiku. Mi niliandaa kila kitu kabla ya kulala, pampu kitandani, chupa zimeshafungwa, maji, nikawa nakamua huku nimefumba macho.

Usijipime kwa kipindi kimoja. Jumlisha siku. Mtoto wa mwezi 1 hadi wa 6 anakunywa wastani wa kama mililita 750 kwa siku, na haipandi sana hapo katikati kadiri anavyokua, kwa hiyo mama mwingine mwenye friza imejaa maziwa siyo kipimo chako.

Hatua ya 5: Kukamua kwenyewe

Anza na ile kasi ya harakaharaka nyepesi, kama dakika 2, maziwa yakianza kuruka badilisha kwenda ile ya polepole inayovuta. Huku inavuta, papasa titi taratibu kwa mkono kutoka nje kuja ndani. Yakikatika, rudi kwenye harakaharaka, mara nyingi yanashuka mara ya pili. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Mwisho malizia kwa mkono dakika moja mbili, utashangaa kilichokuwa kimebaki.

Na vika chupa soksi. Kweli kabisa. Ukikaa unahesabu matone hayashuki, angalia video ya mtoto, nusa nguo yake, ongea na mtu.

Ukitaka kuongeza: saa moja kwa siku, kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Hiyo inachukua nafasi ya kipindi kimoja. Fanya siku kadhaa, matokeo hayaji siku hiyohiyo.

Maziwa yakipungua ghafla bila sababu, kabla hujajilaumu badilisha valvu, vile vimidomo vya silikoni. Vinalegea baada ya mwezi mmoja au miwili ya matumizi haya na mashine inakuwa inapiga kelele tu haivuti.

Hatua ya 6: Kuosha na kuhifadhi

Beseni lake peke yake, brashi yake peke yake, maji ya moto na sabuni, suuza, anika hewani. Mtoto wa chini ya miezi 2 au aliyezaliwa njiti, chemsha vifaa kila siku. Watu wengi wanaweka faneli kwenye friji bila kuosha ili kuokoa muda, mi nilipendelea kununua seti ya pili.

Maziwa mabichi: saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, yaani hadi nyuzi 25, kwenye joto kali zaidi wahi friji. Siku 4 kwenye friji, nyuma kabisa siyo mlangoni. Friza, miezi 6 ni bora, 12 inakubalika. Yaliyoyeyushwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na hayagandishwi tena. Aliyobakiza mtoto kwenye chupa, saa 2 kisha mwaga, najua inauma. Pasha kwa kuweka chupa kwenye maji ya moto, maikrowevu hapana, inaacha sehemu za kuunguza. Mafuta yakipanda juu hayajaharibika, zungusha chupa yachanganyike.

Yakinuka sabuni baada ya kukaa lakini yalikuwa mazuri yakitoka, ni kimeng'enya kinachovunja mafuta, siyo uchafu wako. Watoto wengine hawajali. Wa kwangu alijali, nikawa napasha yale mabichi mpaka vipovu vianze pembeni ya sufuria, bila kuyaacha yachemke, napoza haraka, ndo nagandisha.

Titi likiwa gumu na linauma

Hapa ushauri umebadilika na mabibi zetu watatubishia. Zamani: kanda kwa nguvu, maji ya moto, kamua mpaka likauke. Mwongozo wa Academy of Breastfeeding Medicine (chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji) wa 2022 unasema kinyume: usikande kwa nguvu, weka kitu cha baridi, kamua kwa ratiba yako ya kawaida bila kuongeza, na meza dawa ya maumivu inayofaa kwa anayetoa maziwa. Kukanda kwa nguvu kunaongeza uvimbe. Homa, kutetemeka, wekundu unaosambaa, na siku moja imepita bila nafuu, nenda hospitali, usiniandikie mimi.

Hatua ya 7: Kupunguza

Maziwa yakishatulia, kwa wengi ni baada ya miezi mitatu hivi, unaweza kuondoa kipindi kimoja kimoja. Sogeza kwanza viwili vikaribiane, halafu unganisha, kaa siku 3 hadi 7 uone jumla ya siku inasemaje, ndo uondoe kingine. Cha usiku mi nilikiondoa cha kwanza kwa hasira na jumla ikashuka mililita 100 ndani ya wiki, nikakirudisha, nikaondoa cha mchana, ikakaa palepale. Kila titi na uwezo wake wa kubeba. Kwa kuacha kabisa ni njia hiyohiyo, titi likijaa katikati kamua dakika mbili tatu za kupunguza maumivu tu, usilimalize, ukilimaliza unaliambia lilete mengine.