Jinsi ya kujua hatari yako ya saratani ya matiti, na kwa nini uanzie kwa shangazi

Wadada wa Dodoma, chukua daftari halafu mpigie shangazi. Ndio, shangazi, sio mama peke yake, maana tukiulizwa kwenu nani aliugua titi tunawaza bibi mzaa mama na mama wadogo tu, wakati jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu zinaongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari (vifuko vya mayai), unaweza kuzirithi kwa baba vilevile. Muulize nani aliugua titi au ovari na alikuwa na miaka mingapi, aliyeugua kabla ya 50 mpigie mstari, na kama kuna mwanaume wa ukoo aliugua titi mpigie miwili. Wazee hawatasema saratani, watasema "alikuwa na kidonda cha ziwa kisichopona" au "alirogwa", wewe andika tu.

Ukikuta kwenu hamna mtu usishangilie bado, saratani za matiti za kurithi ni kama asilimia 5 mpaka 10 tu, wagonjwa wengi hawana hata ndugu aliyeugua.

Sasa andika yako. Umri, maana kadiri unavyozidi na hatari inapanda. Ulivunja ungo kabla ya miaka 12? Hedhi ilikoma baada ya 55? Mtoto wa kwanza ulimpata baada ya 30, au hujazaa? Haya huwezi kuyarudisha nyuma so usijilaumu. Mlionyonyesha muda mrefu mna afadhali kidogo.

Halafu pombe. Najua hapa kwetu zabibu ndio zetu na wine ya Dodoma haikosi kwenye sherehe, ila hata glasi moja kila siku inaongeza hatari, na eti wine haina shida kama bia, hamna kitu kama hicho. Unene nao, hasa hedhi ikishakoma, kwa sababu mafuta ya mwili yanatengeneza homoni ya estrojeni, inayoweza kuichochea saratani hii. Kama unaenda Majengo sokoni na sio mbali, tembea, achana na bodaboda.

Pesa kwenye sidiria haileti saratani, endeleeni kuficha.

Daftari lako mpelekee nesi au daktari kituo cha afya, mwambie ukweli wote, yeye ndio atakwambia uanze vipimo lini. Ila ukishika uvimbe, au chuchu imeingia ndani, au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, usisubiri kumpata shangazi kwenye simu, nenda wiki hiyohiyo.