Somo: Kukusanya stempu za wanamichezo wenye ulemavu, na kuzilinda na unyevu wa kwetu Zanzibar

Asalaam aleikum jamaa. Wengi mmenitaka nieleze mkusanyo wangu nilivyouanza. Haya, hatua ni nne, na maswali yenu nimeyajibu chini.

Hatua ya 1: Amua unatafuta nini
1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na nchi nyingi zilitoa stempu. Zile zenye nembo tu mimi siziweki. Nataka mwanamichezo akiwa mchezoni. Itazame ya Ujerumani Magharibi ya 1972, pfenigi 40, ya michezo ya wenye ulemavu ya Heidelberg: mtu yuko kwenye kiti cha magurudumu, anapiga upinde. Hapo huoni mgonjwa, unamwona mlenga shabaha. Na upinde ndio chimbuko lenyewe. Julai 29, 1948, daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya washindani 16 waliojeruhiwa vitani, huko hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wakashindana kwa mishale. Miaka 12 baadaye, Roma, ikachezwa michezo inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Hatua ya 2: Anza na chache
Uingereza mwaka 2012, michezo ilipokuwa London, ilitoa stempu kwa kila dhahabu ya wanaparalimpiki wake, na dhahabu zilikuwa 34. Usizikimbilie zote. Chukua ya Sarah Storey, mwendesha baiskeli, aliyefungua mlango kwa dhahabu ya kwanza. Ongeza ya Kanada ya 1982, senti 30, ya Terry Fox, kijana aliyekimbia kilomita 5,373 kwa siku 143 akiwa na mguu mmoja wa bandia. Nami naipenda mno ya Marekani ya 1979, senti 15, ya Special Olympics, michezo ya wenye ulemavu wa akili.

Hatua ya 3: Kubandua na kukausha
Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kata bahasha kuizunguka stempu, iweke kwenye maji ya uvuguvugu uso ukiwa juu, na iachie ijitoe yenyewe. Usiivute! Bahasha ya rangi iloweke peke yake, itachuja. Ikishatoka, ilaze kwenye karatasi nyeupe kivulini, kisha ibane ndani ya kitabu kizito. Shika kwa kibano, vidole vina mafuta.

Ambayo haijatumika, yenye gundi yake, isiguse maji kabisa. Masika moja nilizifunga za namna hiyo ndani ya mfuko wa nailoni, nikidhani nazihifadhi. Nilipofungua zimegandana kama ngozi ya fenesi na utomvu wake, kumi na moja zikaenda. Tangu hapo albamu nasimamisha wima kabatini, mbali na ukuta, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Hatua ya 4: Panga kwa mchezo
Upinde ukurasa wake, riadha wake, kuogelea wake. Chini andika kwa penseli nchi, mwaka na thamani.

MASWALI

Mwanachama wa Wete: Maalim, hizo za London zangu hazitoki majini.
Jibu: Hazitatoka, shekhe. Zina gundi ya kujibandika. Kata na karatasi yake, acha ukingo wa nusu sentimita, weka hivyo hivyo.

Mwanachama wa Makunduchi: Zanzibar tuliwahi kuwa na stempu zetu?
Jibu: Naam, tangu 1895, mwanzoni zikiwa za India zilizopigwa chapa ya jina letu, hadi mwisho wa 1967. Halafu tukaingia kwenye za pamoja za Tanzania.

Ukhti wa Chake Chake: Kaka yangu haoni, na anapenda sana michezo. Nitamwonesha vipi?
Jibu: Ukhti, chora picha ya stempu kubwa kwenye kadibodi, pita juu ya mistari kwa gundi, kisha laza uzi wa kushonea kofia. Nilimfanyia mpwa wangu ule upinde wa Heidelberg. Alipitisha kidole polepole hadi ncha ya mshale, akauliza shabaha iko wapi. Nikachukua kadibodi ya pili nikaiunga.