Unanyanyaswa kazini Mombasa? Jinsi ya kupeleka malalamiko, kuanzia ofisini hadi leba na mahakamani

Kenya haina sheria moja iliyoandikwa mahsusi kwa uonevu wa kazini, na waajiri wengine hujificha hapo. Lakini mpishi anayetukanwa kila zamu kwenye hoteli ya Shanzu, au binti anayeshikwashikwa ghalani Changamwe, ana pa kushika. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa haki ya kutendewa haki kazini, na cha 28 kinalinda utu wake. Sheria ya Ajira ya 2007 inapiga marufuku ubaguzi katika kifungu cha 5 na unyanyasaji wa kingono katika cha 6, awe anayeufanya ni mwajiri, msimamizi au mfanyakazi mwenzako. Kinachowaangusha wengi ni kufika leba, yaani ofisi ya kazi ya serikali, mikono mitupu.

Kwa hivyo anza na daftari. Andika siku ileile, kwa maneno yaliyotamkwa hasa, hata kama ni ya aibu: “Jumanne, saa nne asubuhi, mlango wa stoo. Msimamizi aliniambia nisipomfuata chumbani zamu zangu atampa mwingine. Aliyekuwa karibu: mwenzangu wa usafi.” Ukiandika tu kwamba “bosi ananidharau”, huna ulichosema. Meseji za WhatsApp usizifute, na simu yenyewe usiiuze. Kesi ikifika mahakamani, ushahidi wa simu huambatana na cheti cha kuuthibitisha. Mwambie wakili mapema akutayarishie.

Hatua ya pili ni barua kwa mwajiri. Aliye na wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kuwa na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, inayoeleza malalamiko yanapelekwa vipi. Iombe. Sera hiyo yapasa kuahidi pia kwamba jina lako halitatolewa ila pale uchunguzi au hatua ya nidhamu inapohitaji. Barua iwe fupi: nani, lini, wapi, walioshuhudia, na unachotaka kifanyike. Chapisha nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Wakikataa kupiga muhuri, itume kwa rejista ya posta au kwa barua pepe. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mpe nakala mwakilishi wenu. Mikataba mingi ya vyama ina utaratibu wake wa malalamiko, na mwajiri huwa mpole zaidi akijua hauko peke yako.

Akikufukuza kwa sababu umelalamika, amejiongezea kosa: kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira hakikubali malalamiko ya mfanyakazi yawe sababu halali ya kumwachisha kazi, isipokuwa yakiwa ya uzushi. Wewe nawe usitupe kitambulisho cha kazi mezani kwa hasira. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2015 kwamba mwajiri anayeifanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye aliyekufukuza, lakini kuthibitisha hilo ni juu yako. Ukiondoka kimya, mwajiri atasema ulitoroka kazi.

Barua isipojibiwa, nenda ofisi ya leba ya kaunti. Beba kitambulisho, mkataba au hati ya mshahara, ile nakala yenye muhuri na daftari. Afisa atasikiliza, kisha atamwita mwajiri mzungumze. Kama umeshafukuzwa, hesabu miezi mitatu tangu siku hiyo. Ndio muda wa kupeleka leba lalamiko la kuachishwa isivyo haki. Kibarua wa kulipwa kwa siku asijione hahusiki. Siku zake za mfululizo zikijumlika kufikia mwezi, sheria humhesabu kama wa kulipwa kwa mwezi.

Ukipigwa au ukishikwa kwa nguvu, usingoje leba. Nenda polisi, uliza dawati la jinsia, na usiondoke bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Mwenye mamlaka anayemwandama mtu kwa matongozo ya ngono anakabiliwa, chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na kifungo kisichopungua miaka 3, faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili.

Mwisho ni mahakama. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Mombasa, na mahakimu walioteuliwa husikiliza kesi za wanaolipwa hadi Sh80,000 kwa mwezi. Kwa kawaida muda wa kufungua kesi ni miaka 3, lakini kwa dhuluma inayoendelea ni miezi 12 tangu ilipokoma. Fidia ya kufukuzwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12. Asiyemudu wakili ajaribu Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria. Wanawake wana pia FIDA, shirika la mawakili wanawake, na mashirika yote mawili yana ofisi hapa mjini.

Na hata mkiachana kwa ugomvi, dai cheti chako cha utumishi. Ukiwa umefanya kazi wiki nne mfululizo, mwajiri hana ruhusa ya kukunyima.