Kuikamilisha kazi ya uzi iliyolala kabatini

Sweta lenye mkono mmoja. Mfarishi wa viraka ambao upande wa juu umeungwa wote lakini haujatiwa pamba. Kitambaa cha darizi kilichobaki kimebanwa kwenye fremu. Kazi za namna hii hulala miaka, na anayezirudia kwa kawaida huanza kwa kosa moja: anashika sindano na kuendelea pale pale alipoachia. Mkono wako wa leo haufumi kama ulivyofuma miaka mitatu iliyopita, na vitanzi vilivyovutwa na sindano muda wote huo vimelegea. Mpaka kati ya siku uliyoacha na siku uliyorudi hujitokeza kama mstari, na mara nyingi hautoki hata kwa kufua. Kwa hiyo kazi iliyolala hurudishwa nyuma kidogo kwanza, ndipo iende mbele.

Ikague kabla ya kuigusa kwa sindano

Itandaze juu ya shuka jeupe karibu na dirisha. Kwenye sufu tafuta matundu, chembe ndogo kama mchanga na nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui. Hizo ni dalili za viwavi wa nondo. Fungua pia bonge la uzi, vuta mita chache polepole. Uzi ulioliwa hukatika kila baada ya sentimita chache hata kama bonge linaonekana zima kwa nje.

Ukiona dalili hizo, funga kazi na uzi wake kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzijoto -18 za Selsiasi kwa wiki 2. Ukiutoa usiufungue mpaka siku ya pili. Unyevu unaojikusanya kutokana na baridi unatakiwa ubaki nje ya mfuko, usiingie kwenye sufu.

Ondoa kila chuma kilichosahauliwa: sindano, pini, fremu yenye skrubu. Pini iliyoshika kutu usiivute moja kwa moja, kwa kuwa kutu imeshang'ang'ania nyuzi za kitambaa. Izungushe taratibu mpaka iachie. Kisha kata sentimita 30 za uzi wa kushonea wa zamani, shika ncha mbili na uvute kwa nguvu ya kawaida. Ukikatika kirahisi, utupe, hata kama bado umejaa kwenye kibiringo. Mshono utakaofungwa kwa uzi huo utaachia baada ya kufuliwa mara chache, na kazi yote itakuwa bure.

Halafu jiulize kwa nini uliacha. Kuna kazi chache sana zinazoachwa kwa uvivu mtupu. Uzi uliisha, au uliona kosa ukashindwa kukubali kulifumua, au ulifika kwenye hatua usiyoijua kama vile kuunga mikono, au mtoto aliyefumiwa alikua. Tatizo hilo bado linakusubiri palepale. Litatue kwanza, kabla ya ile sehemu tamu. Sweta la mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa ni heri ulifumue leo upate uzi wake.

Kazi ya kufuma

Ukiikuta katikati ya mstari, tazama uzi unaotoka kwenye bonge. Umeshikamana na kitanzi ulichokifuma mwisho, na kwa anayefumia mkono wa kulia kitanzi hicho lazima kiwe kwenye sindano ya kulia. Ukizishika sindano kinyume utarudi ulikotoka, na katikati ya kazi patatokea mistari miwili ya ziada upande mmoja na hatua kama ngazi.

Maliza mstari huo, kisha fumua mistari 3 au 4 chini ya pale ulipoachia. Kabla ya kufumua, weka uzi wa uokozi: chukua uzi laini wa pamba wenye rangi tofauti, utie kwenye sindano butu, upitishe kwenye kila kitanzi cha mstari unaotaka kurudi. Pitisha kwenye mguu wa kulia wa kila kitanzi, mmoja mmoja, bila kuruka. Sasa unaweza kuchomoa sindano na kuvuta uzi bila hofu. Ukifika kwenye uzi wa uokozi vitanzi vitasimama vyenyewe na utavirudisha kwenye sindano vikiwa vimeelekea upande sahihi.

Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi, na ukiufuma hivyo hivyo vitanzi havilingani. Kwa mistari michache unyooshe kwa mvuke wa pasi bila kuugusa. Kama ni mwingi, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu 4 kwa uzi mwingine bila kukaza, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, uminye kwa taulo na uutundike ukauke.

Mkazo wa mkono ndio unaowashinda wengi. Hesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimita 10 za kazi ya zamani, katikati ya kipande, mbali na kingo. Kisha fuma kipande cha majaribio cha angalau sentimita 12 kwa 12 kwa sindano unazodhani ndizo, uhesabu tena. Linganisha vilivyo katika hali moja: kama kazi ya zamani haijafuliwa, cha majaribio nacho kisifuliwe. Tuseme zamani ulipata vitanzi 22 na leo unapata 20. Mkono wa sweta wenye vitanzi 66 uliokuwa na upana wa sentimita 30 utatoka na 33, na ndugu yake tayari yupo wa kulinganishwa naye. Shuka sindano kwa milimita 0.5, ujaribu tena. Njia hii ndiyo pia ya kugundua namba ya sindano zilizopotea.

Mkono wa pili, au soksi ya pili, usiupime kwa futi. Sufu hunyooka ukiivuta na futi itakubali chochote. Hesabu mistari ya ule wa kwanza, uandike ni mstari wa ngapi uliongeza vitanzi, ufuate namba hizo.

Je, uzi utatosha? Pima bonge kwa mizani ya jikoni, fuma mistari 10, pima tena. Kama mistari 10 imekula gramu 8 na umebakiwa na gramu 40, una mistari 50. Bila mizani, mstari wa kawaida hula uzi wa takriban mara 3 ya upana wa kazi. Kwa kufunga vitanzi vya mwisho tenga mara 4.

Ukilazimika kununua uzi mwingine, angalia lebo ya zamani: kuna namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kutia rangi. Ya pili isipolingana, tofauti itaonekana juani hata kama dukani hukuiona. Tumia uzi mpya sehemu zenye mpaka wake, yaani shingo na miisho ya mikono. Pasipowezekana, fuma mistari 2 ya bonge la zamani na 2 ya jipya kwa kubadilishana ili macho yasipate mahali pa kushika.

Vipande vikikamilika, loweka, vitandaze kwa vipimo vyake, vibane kwa pini zisizoshika kutu na uviache vikauke kabisa kabla ya kuviunga. Kingo zilizojikunja haziungiki vizuri, na hapo ndipo sweta nyingi hutupwa kabatini mara ya pili.

Mfarishi wa viraka

Hapa kurudi nyuma ni kupima. Viraka vilivyoshonwa kwa vipindi tofauti, pengine kwa mashine tofauti, huwa havilingani, kwa kuwa nafasi ya mshono (kutoka mshono hadi ukingo wa kitambaa) ya milimita 6 ikipungua milimita 1 tu, kiraka chenye mishono 8 hukua kwa milimita 16. Pima kila kimoja na uandike. Tofauti ya milimita 2 au 3 inamezwa kwa pini na pasi. Ikizidi, usivikate vikubwa ukapoteza ncha za michoro. Zungushia kila kiraka ukanda wa kitambaa kimoja, kisha vikate vyote vifike kipimo kimoja.

Kingo za nje zinazopiga mawimbi kwa kawaida zina sababu moja: ukanda ulishonwa kwanza, ukakatwa baadaye. Kitambaa hunyooka chini ya mashine. Pima mfarishi katikati na karibu na kingo mbili, chukua wastani, kata kanda mbili za urefu huo huo, zibane katikati na kwenye ncha kabla ya kushona.

Pamba na kitambaa cha chini vizidi upande wa juu kwa sentimita 10 kila upande. Tandaza cha chini sakafuni, ukibane kwa utepe wa karatasi wenye gundi kikiwa kimenyooka bila kukivuta sana, weka pamba, weka cha juu. Anza kubana kutoka katikati kwenda nje kwa pini zinazojifunga, kama za nepi, kila baada ya upana wa kiganja. Pini zikiwa mbalimbali, kitambaa cha chini hujikunja na hutajua mpaka ugeuze. Soma pia lebo ya pamba: imeandikwa umbali wa mwisho kati ya mshono na mshono. Ukipita hapo, pamba hukusanyika mabonge.

Kwa ukingo wa mfarishi wa sentimita 150 kwa 200, mzunguko ni 700. Ongeza 30. Kanda za upana wa sentimita 6, zilizokunjwa mara mbili, zikitoka kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 110, utahitaji 8: saba zingetosha kwa hesabu, lakini viungo vya mshazari hula. Nunua nusu mita.

Darizi

Fungua fremu uone kama imeacha pete ya uchafu. Kabla ya kufua, lowesha kitambaa cheupe na ukandamize juu ya kila rangi, hasa nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea. Isipotoka, fua kwa maji baridi na sabuni laini. Ikianza kutoka ukiwa unafua, usiache ikauke. Endelea kusuuza mpaka maji yawe safi. Usipige pasi kabla ya hapo. Joto hugandisha madoa, pamoja na wino wa kalamu ya kuchorea ambao maji yangeutoa.

Kwenye kudarizi kwa misalaba, tazama mguu wa juu wa msalaba mmoja ulioshona zamani unalalia upande gani, na ni nyuzi ngapi zimetumika kati ya zile 6 za uzi. Kama hukumbuki, zihesabu kwa nyuma, kwenye ncha iliyochomekwa. Mguu ukibadilika upande, mwanga huangukia tofauti na eneo jipya huonekana kama kiraka. Ukishapotea kwenye mchoro, pitisha uzi wa alama utakaouondoa baadaye kila baada ya misalaba 10, wima na mlalo, kisha hesabu kutoka katikati. Kosa la msalaba mmoja ndani ya jani liache. Kwenye mpaka wa mraba lifumue, la sivyo kona hazitakutana.

Ikiisha, fua, pasi kwa upande wa nyuma juu ya taulo nene, na uweke mita 5 za kila uzi pamoja na kipande cha kitambaa kwenye bahasha yenye namba za rangi. Siku tundu likitokea utazihitaji.